Usipa na Dagaa: Ukosoaji wa Wenza na Zana za Kidijitali katika Ufundishaji wa Chuo Kikuu

Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni ukosoaji wa wenza, yaani utaratibu ambao mwanafunzi wa chuo kikuu anaisoma kazi ya mwanafunzi mwenzake, anaipima kwa vigezo vilivyokubaliwa, kisha anamweleza kwa maandishi palipo na nguvu na palipo na udhaifu kabla mwalimu hajatoa alama ya mwisho. Utaratibu wenyewe ni mkongwe. Kilicho kipya ni kwamba zana za kidijitali zimeuwezesha kufanyika hata pale ambapo wanafunzi hawaonani. Suala linalojadiliwa hapa si kama zana hizo zinafaa au hazifai. Zinafaa, na mjadala huo umekwisha. Suala ni nani anayesikilizwa pindi kompyuta inapokusanya maoni ya wengi na kuyageuza kuwa alama.

Mifano ya mhadhara imechukuliwa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma. Sababu ya kwanza ni jiografia ya lugha. Kutoka milima ya Umatengo barabara inateremka hadi Mbamba Bay kwa mwendo wa kilometa 66 hivi tu, lakini katika mwendo huo mfupi msafiri anaacha Kimatengo milimani, anakutana na Kimpoto na Kinyasa ufukweni, na akielekea kaskazini hadi Lituhi anaanza kusikia Kimanda. Malcolm Guthrie aliziweka lugha hizi katika kundi moja la N10: Kimanda N11, Kingoni N12, Kimatengo N13, Kimpoto N14. Ujirani huo haukufuta tofauti za msamiati, hasa msamiati wa kazi. Mkulima wa Litembo na mvuvi wa Liuli ni majirani wanaofahamu ulimwengu mbili. Kiutawala nao waliachana mwaka 2012, Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga.

Sababu ya pili ni elimu ya juu yenyewe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994. Kituo chake cha Mkoa wa Ruvuma kipo Songea, kilometa 100 hivi kutoka mjini Mbinga na mbali zaidi kutoka ziwani. Mwalimu wa shule ya msingi wa Liuli anayesomea shahada huku akifundisha anaweza kumaliza mwaka mzima bila ya kuketi na wanafunzi wenziwe, isipokuwa siku za mitihani, na siku za mitihani si siku za mazungumzo. Kwa mwanafunzi wa namna hii mwenza wa kumkosoa hawezi kuwa jirani wa dawati. Ama apatikane kwa simu na kompyuta, ama asipatikane kabisa.

Sengu ya Wamatengo

Wamatengo walikuwa na asasi iliyoitwa sengu. Wanaume wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mzee wao, wakala pamoja chakula kilichopikwa katika nyumba mbalimbali za ukoo, na katika kula huko wakajadili mambo yao: mashamba, ugomvi, malezi ya vijana, msaada kwa aliyepungukiwa. Asasi hiyo ilififia mfumo wa maisha ulipobadilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walipofanya kazi Mbinga pamoja na wenzao wa Japani kuanzia miaka ya 1990, waliiona kuwa hazina. Kituo cha chuo hicho kinachoshughulikia maendeleo endelevu ya vijijini kiliitumia fikra ya sengu katika kuwashirikisha wanavijiji wa eneo hilo, Kindimba kikiwamo, kupanga shughuli zao wenyewe.

Si vyema kuipamba sengu kuliko ilivyostahili. Ilikuwa ya wanaume, na mzee ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Hata hivyo, ina mambo mawili ambayo mwanaisimu na mwalimu wanapaswa kuyazingatia. Mosi, aliyekosolewa na aliyekosoa walikuwa wamekula katika chungu kimoja. Lawama ilitolewa na mtu ambaye kesho yake angehitaji msaada wa yule aliyemlaumu. Pili, maneno yalifungamana na jambo mahususi lililokuwa mbele yao. Haikuwa rahisi kumwambia mtu kwamba shamba lake ni zuri kwa jumla, ilhali wote walikuwa wamepita pale na kuona ngoro zilizobomoka. Ngoro, kwa asiyezijua, ni mashimo ya mraba yanayochimbwa kwenye miteremko mikali: majani yanafyekwa, yanapangwa katika umbo la miraba, kisha yanafukiwa kwa udongo unaotolewa katikati, hivyo maji ya mvua hukaa shimoni badala ya kuuzoa udongo. Kasoro ya ngoro huonekana mvua ya kwanza inaponyesha.

Kukosoa, kusahihisha na rika

Kabla ya kuingia katika zana, inafaa kuyatazama maneno. Istilahi iliyozoeleka leo ni mrejesho. Ni neno zuri kwa vile linaonyesha mwendo wa kwenda na kurudi, lakini halisemi kinachorudi ni nini. Mwalimu akimtaka mwanafunzi atoe mrejesho, mwanafunzi huandika “Hongera, kazi nzuri sana,” na kwa mujibu wa neno lenyewe hajakosea: amerejesha kitu.

Kitenzi kukosoa kinadai zaidi. Kimofolojia kinafuata njia ya kauli ya kutendua, ile inayozaa fungua kutoka funga, tegua kutoka tega na chomoa kutoka choma. Kwa mantiki hiyo kukosoa ni kulitendua kosa, kulifungua lilipofungika. Matumizi ya kila siku yamelisogeza neno hili kuelekea lawama, hata mtu akisema “amenikosoa” msikilizaji husikia uadui. Lakini umbo la neno linahifadhi maana ya zamani zaidi, na maana hiyo ndiyo inayohitajika darasani. Anayesema “hapa pana kosa” akaondoka bado hajakosoa. Ameonyesha kidole tu.

Kiswahili cha siasa nacho kiliwahi kulishughulikia jambo hili. Mwaka 1962 Julius Nyerere alitoa kijitabu Tujisahihishe, kilichowataka wanachama wa TANU waambiane ukweli juu ya makosa yao. Kichwa hicho kina viambishi viwili vyenye uzito: tu- na -ji-. Mtendaji ni wingi, na mtendwa ni huyohuyo. Anayesahihisha hakuachwa nje ya wanaosahihishwa. Istilahi nyingi za ufundishaji zilizotafsiriwa baadaye zimekosa sifa hiyo.

Lipo tena neno rika, ambalo limeingia katika “elimu rika” na “tathmini rika”. Kwa wanafunzi wa miaka 21 wanaoishi katika bweni moja neno hili linatosha. Kwa Chuo Kikuu Huria linapotosha. Darasani mle mna muuguzi wa miaka 48, askari, mwalimu mkuu na kijana aliyemaliza kidato cha sita juzi. Hao ni wenza katika masomo, lakini si rika. Kijana anayemwamkia mwenzake “shikamoo” hatamwandikia kwamba hoja yake haina ushahidi, na akithubutu ataizungushia adabu mpaka isionekane. Ndiyo maana mhadhara huu unatumia neno wenza. Uchaguzi huo si wa mapambo: unamkumbusha mwalimu kwamba usawa anaoudhania haupo mpaka autengeneze.

Zana na kikundi

Tanzania ina historia ya kuutengeneza usawa huo kwa msaada wa chombo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa njia ya redio. Wanaoikumbuka kampeni hiyo huisifu redio, na hapo wanaiona nusu tu ya kazi. Watu walikusanyika katika vikundi wakiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha Kiswahili chepesi. Walisikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya, kama kuchimba choo au kufyeka mazalia ya mbu. Redio ilileta mada. Kazi ya kufikiri ilifanywa na kikundi, kwa lugha ambayo kila mmoja aliweza kujibizana nayo.

Inapendeza kwamba mojawapo ya programu za kufundishia zinazotumika sana duniani ina asili ya namna hiyo. Moodle, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002, iliundwa na Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyekulia jangwani magharibi mwa nchi hiyo na kupata masomo yake ya awali kwa redio ya masafa mafupi. Alijua upweke wa mwanafunzi aliye mbali. Programu yake haina ada ya leseni, na vyuo vikuu vya Tanzania vimeitumia kwa wingi, Chuo Kikuu Huria kikiwamo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo, ndipo wengi walipogundua kwamba zana waliyokuwa nayo kwa miaka mingi walikuwa wakiitumia kama kabati la kuhifadhia vitini.

Ndani ya Moodle mna sehemu inayoitwa warsha, iliyotengenezwa mahususi kwa ukosoaji wa wenza. Kila mwanafunzi huwasilisha kazi yake. Programu huzigawa kazi hizo kwa wenziwe, pengine kwa bahati nasibu na bila ya majina. Kila mmoja hupima kwa vigezo vya mwalimu na kuandika maelezo. Mwishoni mwanafunzi hupata alama mbili: moja ya kazi aliyoandika, nyingine ya ubora wa ukosoaji wake. Kuficha majina kunamsaidia yule kijana wa “shikamoo”. Alama ya pili inamzuia mvivu asiishie kwenye “kazi nzuri sana”. Mpaka hapo zana inastahili sifa.

Tatizo limo katika namna alama ya pili inavyokokotolewa, na hapa inafaa kwenda taratibu kwa mfano wa darasa la kufikirika.

Mfano wa kidahizo usipa

Chukulia somo la leksikografia. Wanafunzi wametakiwa kuandika fasili za majina ya samaki wa maziwa makuu. Mmoja wao, mkazi wa Iringa, anaandika: “Usipa: dagaa wa Ziwa Nyasa.” Fasili hiyo ni fupi, inaeleweka, na sokoni ndivyo watu wanavyosema. Inapelekwa kwa wakosoaji watano. Wanne, ambao hawajawahi kuliona ziwa hilo, wanaipa alama 9, 9, 8 na 9 kati ya 10. Wa tano ametoka Mbamba Bay. Anatoa 4, na anaandika aya nzima: kwamba dagaa si jina la samaki mmoja, kwamba wa Ziwa Tanganyika si wa Ziwa Viktoria, na wa baharini ni wengine tena, kwamba usipa huvuliwa usiku kwa taa na huanikwa ufukweni kama dagaa wengine, lakini mvuvi wa huko hamwiti dagaa isipokuwa anapozungumza na mnunuzi mgeni, na kwamba fasili hii inamweleza msomaji kitu asichokijua kwa neno lisilo na maana moja.

Wastani wa alama hizo ni 7.8. Katika utaratibu wa kawaida wa warsha ya Moodle, tathmini iliyo karibu zaidi na wastani huchukuliwa kuwa ndiyo bora, na nyingine hupoteza alama kwa kadiri zinavyokuwa mbali nayo. Kwa hiyo aliyetoa 8 anapata alama zote za ukosoaji. Mwanafunzi wa Mbamba Bay, ambaye peke yake aliijua mada na peke yake alifanya kazi ya kukosoa kwa maana kamili ya kitenzi hicho, anapata alama ya chini kuliko wote.

Programu haijaharibika. Inafanya kile ilichoagizwa: palipo na wapimaji wengi wenye maarifa yanayolingana, makubaliano ni dalili nzuri ya usahihi. Lakini maarifa ya lugha hayakugawanywa sawasawa nchini, na maarifa ya lugha ndogo za pembezoni hayakugawanywa sawasawa hata kidogo. Katika jambo la usipa, wanne walio Iringa, Dodoma, Tanga na Dar es Salaam si mashahidi wanne. Ni shahidi mmoja aliyerudiwa mara nne. Mwanafunzi wa ziwani akipata somo hili mara mbili, mara ya tatu atatoa 8 na kuandika “kazi nzuri”. Hapo darasa litakuwa limempoteza mtu pekee aliyekuwa na cha kusema, na kamusi itakuwa imepoteza kidahizo.

Haifuati kwamba mwanafunzi huyo lazima awe sahihi katika kila neno. Kizuolojia, usipa, Engraulicypris sardella, ana ujamaa wa karibu na dagaa wa Ziwa Viktoria, Rastrineobola argentea, ilhali dagaa wa Ziwa Tanganyika, Stolothrissa tanganicae, ni ndugu wa sadini wa baharini. Mwenza aliyetoka Mwanza angeweza kumjibu kwamba, kwa dagaa anayemjua yeye, kulinganisha si kosa kubwa. Wa Kigoma angekataa. Mjadala wa hao watatu una thamani kuliko alama zote zilizotangulia, kwa sababu unawafikisha wanafunzi kwenye swali halisi la leksikografia: je, dagaa ni jina la spishi, au ni jina la udogo, ukaushaji na biashara? Hakuna kigezo cha alama 10 kinachoweza kuliibua swali hilo. Liliibuliwa na aya ya mtu mmoja aliyekataa kukubaliana na wenziwe.

Njia ya kurekebisha ipo ndani ya zana yenyewe. Mwalimu anaweza kuandika tathmini yake na kuipa uzito mkubwa kuliko za wanafunzi. Anaweza kubatilisha alama iliyokokotolewa. Lililo bora zaidi, ingawa linamchosha, ni kuzisoma kwanza tathmini zilizo mbali na wastani. Umbali huo, ambao programu huuona kama kosa, kwake uwe ni taa inayomwonyesha pa kutazama. Mara nyingine atakuta uzembe au chuki. Mara nyingine atamkuta mtu wa Mbamba Bay.

Kuhusu zawadi, simu na lugha

Wapo wanaodhani kwamba ushiriki wa wanafunzi ni suala la motisha tu. Mwishoni mwa mwaka 2009 hadi mapema mwaka 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Tanzania na Kenya la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, kwa zawadi zilizojumuisha kompyuta na simu. Makala ziliongezeka kwa mamia. Zawadi zilipokwisha kutolewa, waandishi wengi hawakuonekana tena, na wahariri wachache wa kujitolea waliachiwa kazi ya kusafisha Kiswahili kilichotafsiriwa kwa pupa. Kila makala ya kamusi elezo hiyo ina ukurasa wa majadiliano, yaani mahali palipotengwa kwa ajili ya kukosoana. Shindano lilihesabu makala. Mtu hufanya kile kinachohesabiwa.

Kuhusu simu, maneno machache yatatosha. Makundi ya WhatsApp yanapendwa kwa kuwa kila mtu anayo simu na kifurushi chake ni nafuu, lakini ukosoaji hauzami mahali pengine haraka kama humo: aya ya mwanafunzi wa Mbamba Bay itafunikwa na “asante mwalimu” arobaini kabla ya jioni. Tena majina yako wazi, na “shikamoo” inarudi. Kundi linafaa kwa matangazo na kwa kutiana moyo. Ukosoaji unahitaji mahali ambapo maelezo yanabaki yameshikamana na kazi inayokosolewa. Kwa aliye na mtandao wa kusuasua, kazi iandikwe kama matini ya kawaida badala ya picha ya karatasi, na muda wa kukosoa uwe wiki mbili badala ya siku tatu. Huo si upole. Ni sharti la kupata wakosoaji kutoka kila upande.

Lugha ndiyo yenye uzito zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha somo la Kiswahili kwa Kiswahili tangu Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 1970, na wanafunzi wa Kiswahili wana bahati ya kukosoana kwa lugha wanayoweza kubishana nayo. Wenzao wa kilimo, uuguzi au sheria hawana. Wanatakiwa kuandika kwa Kiingereza, jambo ambalo lina sababu zake, lakini pia wanatakiwa kukosoana kwa Kiingereza, jambo ambalo halina sababu yoyote. Sifa ni rahisi katika lugha ya kigeni; maneno yake ni machache na yamekaririwa. Kupinga kwa adabu, kukubali nusu ya hoja na kukataa nusu, kuuliza kana kwamba hujui ili mwenzako ajigundue: hayo yanahitaji lugha iliyokomaa kinywani. Hakuna kanuni ya taaluma inayovunjika ikiwa insha ya Kiingereza juu ya ngoro itakosolewa kwa Kiswahili na mwanafunzi aliyekulia Litembo. Walimu wanaolikataza hilo kwa hofu ya kushusha kiwango wanapata Kiingereza safi kisichosema kitu.

Lipo jambo moja la mwisho, linalowahusu hasa wanafunzi wa isimu. Padre Johannes Häfliger alichapisha kamusi yake ya Kimatengo mwaka 1909 nchini Ujerumani. Nobuko Yoneda alichapisha msamiati wa lugha hiyohiyo mwaka 2006 nchini Japani. Kati ya vitabu hivyo viwili imepita karibu karne nzima, na kwa sehemu kubwa ya karne hiyo rasimu ya kamusi haikuweza kurudi kijijini ikasomwa na wasemaji kabla ya kuchapwa. Sasa inaweza kurudi jioni ileile. Mwanafunzi wa Iringa, akiisha kuisoma aya ya mwenzake, anaweza kumwomba aipeleke fasili iliyorekebishwa kwa wavuvi wa Liuli, na jibu likaja kwa sauti, kwa Kimpoto, likiwa na maneno matatu au manne ya samaki wadogo ambayo hayamo katika fasili ya mtu yeyote darasani. Sauti hiyo inatakiwa kuandikwa, kutafsiriwa na kutolewa kwa wakosoaji watano wapya, na safari hii programu isiwagawe kwa bahati nasibu.